Deki Iliyonuka Tumbaku

Mimi ni mtu wa kushuku, siwezi kuficha. Kazi ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, pale Kewanja inakufundisha hivyo: ukimpa mwenzako kisogo, mfuko wako wa mawe umehama. Basi kila baada ya wiki tatu nikirudi nyumbani Kenyamonta, nakagua kwanza, salamu baadaye.

Safari ile nilitaka tu kuangalia sinema na mke wangu. Nikatia CD kwenye deki. Ikazunguka, ikakwaruza krr, krr, ikatulia, halafu kwenye televisheni ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaitoa, nikaifuta kwa fulana, nikairudisha. Hakuna diski. Nikatia nyingine, mpya kabisa, nimeinunua njiani siku hiyohiyo. Hakuna diski! Kwa hiyo ubovu si wa CD, ni wa deki yenyewe, na deki niliiacha nzima.

"Nani kaichezea hii?"

"Nani aichezee?" mke wangu akajibu, macho kwenye mchele aliokuwa anachambua. Mtu asiye na lake moyoni hujibu swali kwa swali?

Nikachukua bisibisi, nikafungua mfuniko. Harufu iliyonipiga, jamani! Tumbaku. Nyumbani kwangu havuti mtu. Nikachungulia lile jicho linalosoma CD: limeshika utando wa rangi ya chai, na masizi pembeni. Nikapitisha kidole, kikatoka cheusi. Huo haukuwa moshi wa siku moja. Kuna mwanamume alikuwa anakaa karibu na deki yangu, anavuta, amestarehe, mimi niko shimoni natoka jasho.

Damu ikanichemka. Nikawapitia mmoja mmoja kichwani: jirani anayekuja kuchaji simu, yule wa bodaboda anayeleta unga. Kila mmoja nikamwona amejitandaza kwenye kochi langu. Niliogopa pia, nisidanganye. Nilimpenda yule mwanamke, na nilijua nikitamka lililokuwa moyoni, kesho yake angerudi kwao Matongo na watoto.

Lakini nikatamka. "Mwanamume gani anavutia tumbaku humu?"

Akaacha mchele. Alinitazama mpaka nikatamani kuyameza maneno yangu.

"Baba yako."

Nikacheka kwa hasira. Kwa mila yetu, baba mkwe hakanyagi nyumba ya mke wa mwanawe. Tangu nioe mzee hajavuka kizingiti changu, hata sikuwa nimemfikiria. "Usinizungushe," nikamwambia.

"Kwani nimesema anaingia? Mimi ndiye nampelekea. Navuta waya mpaka kwenye nyumba yake, naweka deki na televisheni karibu na moto wake, naondoka. Na kiko chake si unakijua? Anaangalia harusi yetu. Ile sehemu ulipomtolea shukrani ikiisha, anatoka nje, ananiita niingie niirudishe nyuma. Hiyohiyo tu, kila siku, mpaka deki ikagoma."

Alirudi kwenye mchele wake, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nikamwomba radhi, akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Nikalisafisha lile jicho kwa pamba na spiriti, polepole. CD ya harusi ikasoma mara moja. Nikabeba deki na televisheni yetu ndogo hadi kwa mzee. Nyumba yake iko kando ya njia. Kila nikija napita hapo juu ya bodaboda, nampungia mkono, nakwenda zangu.

"Shikamoo, tata," nikamwamkia baba.

"Marahaba, mura, mwanangu. Imepona?"

"Imepona. Ila leo tuzungumze tu. Si nimekuja mwenyewe?"

Akawasha kiko chake taratibu. Wala hakuwa amekasirika.

"Weka CD," akasema. "Yule mwanangu wa mle ndani ya CD hana haraka."