Bosi na Chanuo la Dada

Dada yangu ni msusi, na msusi akishazoea vichwa vya watu huona kila kiumbe kinamhitaji yeye. Shemeji alipofariki alimwachia redio isiyoshika na Bosi, mbwa mwenye manyoya marefu kama zulia la ukumbini. Marehemu alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya matajiri. Walipohama wakamwacha mbwa getini, akaja naye nyumbani. Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuokota walioachwa. Dada mwenyewe husema ndivyo alivyoolewa.

Shida ya Bosi ilikuwa kunuka. Manyoya yalijisokota nyuma ya masikio na kwapani yakawa vifundo vigumu, na ndani yake mlikuwa na mambo ambayo sitayaandika. Mwenye nyumba, mzee wa kanisa mwenye sala ndefu na subira fupi, alisimama mlangoni ameziba pua kwa leso.

"Mama, Jumamosi napita. Nikimkuta bado ananuka hivi, ataondoka. Wewe baki, yeye aende."

Dada akamvuta Bosi karibu. Tangu shemeji azikwe, Bosi ndiye aliyekuwa akilala miguuni pake. Kumtoa kungekuwa kurudi makaburini mara ya pili.

Tukaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji, mama aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, akatandaza vifaa vyake juu ya kaunta.

"Manyoya yake mafupi au marefu?"

"Marefu, na yamesokotana."

"Basi hii brashi ya mpira achana nayo, ni ya wenye manyoya mafupi. Chukua hii ya meno ya waya."

Dada hanunui kitana bila kukijaribu shingoni mwake. Ndivyo afanyavyo saluni: kisichomfaa yeye hakigusi kichwa cha mteja. Akaipitisha ile brashi kisogoni, akaruka.

"Hii si ya kusugulia masufuria?"

"Shingo yako haina manyoya, dada yangu. Yake inayo."

"Nitatumia chanuo langu."

"Haya. Ila mchane kwanza, ndipo umwoshe. Usianze na maji."

Dada akatabasamu lile tabasamu analowapa wateja wanaomfundisha kusuka. Tukatoka na sabuni tu.

Saluni kwake kichwa huoshwa kwanza, na hilo kwake ni kama amri ya kumi na moja. Basi Bosi akaoshwa kwenye beseni, akasuguliwa kwa mikono miwili, akakaushwa kwa mashine ya saluni. Alipokauka, vifundo vilikuwa vimekaza vikashikana na ngozi, mwili mzima ukawa kama godoro la sufi lililonyeshewa. Chanuo likaingia kwapani likatoka limevunjika meno. Bosi akatutazama kama mtu aliyeuzwa na ndugu zake.

"Amekuwa mkeka," nikasema.

"Nyamaza, mdogo wangu. Omba."

Nikaomba. Jibu lililokuja lilikuwa kinyozi wa mlango wa pili.

"Mama, mashine hii kesho inamnyoa mchungaji," akasema.

"Si anahubiri kwamba sote ni viumbe vya Mungu?"

"Anahubiri. Hajasema tunyolewe pamoja."

Lakini alimwonea dada huruma, akanyoa. Manyoya yakadondoka vipande vipande, na harufu ikabaki nayo sakafuni. Kumbe ndani ya ule mzigo mlikuwa na mbwa mdogo, mwembamba, mwenye masikio makubwa na miguu ya mbuzi. Mashine ilipanguswa kwa spiriti, kinyozi aliapa. Mimi nilichoona ni mchungaji akijikuna kisogo katikati ya mahubiri, na sikumhukumu.

Jumamosi mzee akaja na leso yake tayari mkononi. Akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango.

"Yule mkubwa yuko wapi?"

Dada anaogopa uongo kama mimi. "Ulisema usimkute ananuka, mzee."

"Umefanya vyema. Na haka?"

"Haka kanaishi hapa."

Mzee akainama akakanusa. "Hakana neno. Tena hawa wadogo ukiwalea mwenyewe wanapata adabu."

Bosi, ambaye ana ndevu nyeupe, akamlamba mkono. Nikatazama dari nikimwomba Mungu anizuie kucheka. Alinizuia kidogo tu.

Wiki iliyofuata dada alirudi dukani peke yake, bila kuniaga, akanunua ile brashi ya waya. Sasa kila jioni humchana Bosi akiwa mkavu, taratibu, kabla manyoya hayajapata wazo la kujisokota. Shingoni kwake hajaijaribu tena.

Juzi mzee alipita kuangalia bomba linalovuja. Akasimama, akamtazama Bosi alivyojaa manyoya.

"Anakua vizuri huyu mtoto. Unampa nini?"

"Namchana tu, mzee," dada akasema, akaendelea kuchana.