Adhabu ya Mlangoni

Mpaka leo nikipita Msimbazi na kuliona lile kanisa, damu hunichemka. Miaka ile ya hamsini, Mwingereza angali anatutawala, nilikuwa nikisomea ukatekista katika kozi ya misheni, na kwetu Kariakoo watu walishaanza kuniita mwalimu kabla hata sijamaliza.

Kozi ile ilikuwa na adhabu kwa kila kitu. Ukichelewa sala ya asubuhi, unapigishwa magoti kwenye kokoto. Ukicheka mezani, unakula umesimama. Hizo tulizimeza, hata tukataniana juu ya magoti yetu. Iliyotutia hofu ni adhabu ya mlangoni. Ibada nzima ya Jumapili unasimama kizingitini, uso umeelekea barabarani, wenzako hawaruhusiwi hata kukusalimu, na mwishoni unaungama kosa lako mbele ya watu wote. Ukikataa, ukatekista umeota mbawa.

Kosa langu mimi lilikuwa kumzika bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, alikuwa Mwislamu, muuza vitumbua pale pale Kariakoo. Mama alibatizwa alipoolewa na marehemu baba, na bibi hakununa hata siku moja. Nilipochaguliwa kwenda kozi, yeye ndiye aliyenunua bafta kwenye duka la Mhindi akampelekea fundi cherehani barazani anishonee kanzu, maana kila mwanafunzi alitakiwa aje na yake. Alipofariki nilikwenda, tukapokezana jeneza, nikatia udongo, na dua ilipoombwa nikaitikia amina. Ningeitikia nini?

Mwenzangu mmoja akapeleka maneno kwa padri, mkuu wa kozi.

"Umeshiriki sala za watu wasio wetu," padri akaniambia. "Jumapili utasimama mlangoni, na utakiri kwamba ulitenda dhambi."

Nikasimama. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni na makapu yao walipunguza mwendo wanitazame vizuri.

"Mwanangu, umeiba nini?" mmoja akaniuliza.

Nikakazia macho vumbi la barabara.

Ibada ilipokwisha padri aliniita mbele. Mama alikuwa kwenye mabenchi ya wanawake, bado amejifunga kaniki ya msiba. Nilipomwona ndipo nilipoelewa hasa nilichotakiwa kusema. Nilitakiwa kumwambia mama yangu, amekaa pale na kaniki yake, kwamba kumzika mama yake ni dhambi. Wazee wazima walilifikiria jambo hilo wakaliona ni malezi ya dini!

"Nilikwenda kumzika bibi yangu," nilisema. "Dhambi iko wapi, Padri?"

Padri akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Basi vua kanzu ya kanisa, uondoke."

Nilikuwa nimeshika kifungo cha kwanza mama aliposimama.

"Hiyo si ya kanisa, Padri," alisema. "Marehemu mama yangu ndiye aliyemshonea."

Nilitoka nayo mwilini, mama yuko nyuma yangu. Ukatekista niliukosa, na uchungu wake ninao bado. Lakini arobaini ya bibi ilipofika niliivaa kanzu ile ile, nikakaa jamvini na wajomba zangu, na dua ilipoombwa nikaitikia kwa sauti.