Achari ya mume wangu imeokoa sola yetu

Leo nimemfokea mume wangu kwa sababu ya achari, kisha nikashuka ngazi kwenda kumkumbatia.

Nilikuwa juu ya banda letu hapa Germantown, Marekani, nafunga paneli za sola mwenyewe. (Ndiyo, mwenyewe. Mshangao wenu kaeni nao.) Ilibaki kubana waya wa shaba wa kupeleka ardhini umeme unaovuja kwenye fremu ya alumini.

Mume wangu Salim akaniletea wali na achari ya ndimu. Achari yenyewe ameiacha kwenye friji wiki nzima, ndani ya sufuria ya stili, kaifunika foili. Nimemwambia mara ngapi aitie kwenye chupa!

Kaileta na sufuria yake, nikaona foili imejaa vitobo.

"Umeichoma na uma?"

"Wallahi sijaigusa, mama Aisha. Imetoboka yenyewe pale ilipogusana na achari."

Nikaitazama tena foili.

Foili ni alumini. Sufuria ni stili. Achari ni maji na chumvi. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, hasa wa chumvi, moja inaliwa.

Na mimi nimeshika shaba, naenda kuibana kwenye alumini, juu ya paa la mvua na theluji! Fremu ingeliwa taratibu huku mimi chini najisifu.

Waya nimeurudisha mkobani. Kesho nanunua kibano maalumu cha kukaa katikati, shaba na alumini zisigusane.

Alhamdulillahi kwa mume mvivu. Nimemshukuru kwa moyo wote, na yeye sasa anatembea kifua mbele kama fundi mkuu.

Kaangalieni foili zenu, mniambie.

Sufuria lakini ataiosha yeye.