Siku Tuliyomwandikisha Adila

Habari hizi ni za binti yangu mkubwa, Maulida, ingawa lazima nianze na mdogo wake. Nisingemtafutia Adila shule, nisingejua lolote, na huenda ningekufa nikijisifu.

Sisi ni watu wa Zinga. Mume wangu, Bwanausi, analima mihogo na mananasi. Mimi niliishia darasa la nne. Tuna watoto wawili tu, wamepishana miaka kumi na miwili, maana wale wa katikati Mungu aliwachukua wakiwa wachanga. Maulida alisoma shule ya hapa hapa kijijini, akamaliza la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani tukipika maandazi ya kuuza. Sikuona ajabu. Wengi hawakuchaguliwa mwaka ule.

Mwaka jana Bwanausi aliuza kipande cha shamba alichorithi Mapinga, kwa watu wa Dar wanaojenga huko. Nikamwambia, "Baba Maulida, hizi zimsomeshe Adila kabla hazijageuka mabati."

"Tafuta shule wewe," akasema. "Mimi sijui kutazama mambo hayo. Mwenye macho ni wewe."

Ni kweli, mimi hutazama. Nilizunguka shule tatu za kulipia bila kuingia ofisini. Nilisimama nje na ndoo yangu ya maandazi saa ya mapumziko, nikitazama kama vyoo vina milango, watoto wakimwona mwalimu wanakimbilia upande gani, madaftari yamesahihishwa mpaka ukurasa wa ngapi. Shule ya kwanza, mtoto alinionyesha daftari lenye vema moja mwanzoni, basi. Ya pili, mwalimu alishika fimbo hata akinywa chai. Ya tatu ilikuwa ya masista wa Kikatoliki, Bagamoyo mjini. Pale nilimwona mwalimu amechuchumaa ukutani na mtoto mmoja, wanarudia mstari ule ule wa kitabu huku wenzake wakicheza. Walirudia mara sita. Mwalimu hakupandisha sauti. Nilirudi nyumbani nimekwisha amua.

Jirani yangu Tatu aliposikia alishika kiuno. "Mwanabaraka! Mwakani tutakuona kwenye kwaya."

"Nikiimba mimi, padri atahama parokia."

"Cheka tu. Mtoto atakuja kupiga ishara ya msalaba juu ya ugali."

"Watoto wa Kiislamu wapo tele pale. Na jioni chuoni ataenda kusoma Kurani, kama dada yake."

"Kama dada yake, hapo sina neno," alisema Tatu.

Siku ya usaili tulikwenda watatu, mimi, Maulida na Adila. Sista Gertruda, ambaye kwa umri naweza kumzaa, alisimama akaniamkia, "Shikamoo, mama." Mwalimu akampeleka Adila chumba cha pili. Sista akatoa fomu ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na kalamu.

Ningeweza kuijaza mwenyewe, polepole. Lakini mwandiko wangu ni mbaya, na zaidi ya hayo nilitaka Sista aone kwamba nina binti aliyemaliza shule. Nikampa Maulida. "Jaza, mwanangu. Mimi macho yamechoka."

Maulida akaichukua. Akainama. Akakaa nayo muda mrefu, kalamu ikitembea na kusimama. Mimi nilikuwa nimetega sikio mlangoni, namsikiliza Adila akihesabu vizibo vya soda. Kisha Maulida akaigeuza fomu kifudifudi, akampa Sista.

Sista alipoifunua nami niliona. Penye jina la mtoto ameandika Maulida Bwanausi. Penye tarehe ya kuzaliwa, Maulida Bwanausi. Penye kijiji, penye magonjwa, penye jina la mzazi, kila mstari Maulida Bwanausi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Sista hakushtuka. Alivuta droo akatoa fomu nyingine. "Kosa langu," alisema. "Hizi huwa tunajaza pamoja. Mimi nitauliza, nyinyi mnijibu."

Tukajibu. Maulida ndiye aliyejibu zaidi, tena vizuri. Anajua tarehe aliyozaliwa mdogo wake, anajua homa zote alizougua. Adila akapata nafasi siku ile ile. Nilishukuru.

Tulifika nyumbani, Adila akaenda kucheza.

"Tangu lini, Maulida?"

"Tangu la pili." Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. "Tulikuwa wengi darasani. Nilikaa nyuma."

"Na mtihani wa la saba?"

"Unachagua herufi, unaweka kivuli. Niliweka tu."

"Lakini juzuu, Maulida! Nimekuona kwa macho yangu, kidole kwenye mstari!"

"Nimeihifadhi, Mama. Nilisikia wenzangu wakisoma, nikashika. Kidole nilikuwa nakipeleka tu."

Miaka yote ile nilikaa mkekani jioni nikimsikiliza, sauti yake ikiwatoa majirani nje. Niliwaza, aliyeziweza herufi za Kiarabu, hizi za shule zitamshindaje? Sikumpa hata siku moja gazeti lililofungiwa maandazi nikamwambia, nisomee hapa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Akamimina mchele sufuriani. Halafu akauliza, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira, "Adila umemzungukia shule tatu. Mimi ulinizungukia ngapi?"

"Moja," nikasema. "Iliyokuwa karibu."

Adila alianza Januari. Nilimwambia Maulida kwamba kuna darasa la watu wazima, nikamwambia nitamfundisha kile kidogo nilichonacho. Alikataa vyote viwili. "Unanifundisha ili upone wewe," alisema. Baba yake hatujamwambia mpaka leo.

Mwezi wa tatu Maulida alikuja kuposwa na Ishaka, fundi pikipiki wa Dunda, kijana mwenye adabu. Naye alimridhia. Usiku ule aliniomba jambo moja: "Usimwambie."

Kumbe Ishaka alikuwa akimwandikia ujumbe kwenye simu yake ya kitochi, na msomaji wake alikuwa binti wa Tatu. Binti huyo ameolewa, amehama. Juzi, tukiwa jikoni, Maulida alininyooshea simu bila kunitazama.

Kwetu, maneno ya mapenzi mama hamtamkii binti yake. Hata siku ya harusi huyasema somo, yule mwanamke anayemfunda, si mama. Nilivaa miwani nikasoma herufi kwa herufi, nikikwama, nikirudia, yote ambayo kijana yule alimwandikia mchumba wake. Hakuna neno chafu hata moja. Lakini uso ulinichoma, na Maulida alikuwa amegeukia ukuta, ameshika mwiko.

Nilipomaliza nilibaki na simu mkononi.

"Nimjibu nini?" nikauliza.

Alifikiri.

"Mwambie nimeusoma."

Nikaandika hivyo, nikatuma.