Mafaili ya Wifi Yamehamia kwa Wifi

Mumewe alipoondoka alibeba kompyuta nzuri, wateja, na sifa yote ya programu waliyoiandika wawili. Mama Waya akabakiwa na mashine moja inayokoroma kama mlevi, na mteja mmoja: duka la uchapaji la wanawake wawili, mtu na wifi yake, waliogombana kutwa na wasiachane.

Sasa mawifi wakanunua kompyuta mpya, za mfumo mwingine. Programu ile, iliyoziwezesha mashine zote za dukani kuchota mafaili kwenye hifadhi moja waliyoiita kabati, iliandikwa kwa mfumo wa zamani. Mifumo hiyo ilifanana sana. Lakini ndugu ni kufaana, si kufanana.

"Ukishindwa tunamwita mumeo," wifi mkubwa alimwambia. "Amesema atatufanyia bure."

"Bure yake naijua, dada. Nimeishi nayo."

Akaketi. Kila mahali programu ilipoomba kitu kwa njia ya zamani, akaandika njia mpya. Ikigoma, anairekebisha, ikigoma tena, anaitukana kwa jina la mtu fulani. Mwishowe ikakubali. Mashine zikaonana, kabati likafunguka.

Halafu zogo la wifi mkubwa.

"We wifi! Tangu lini mabango yangu ni yako? Kompyuta inasema mwenyewe ni wewe, na mimi inanifukuza!"

"Hata mashine inajua nani anafanya kazi hapa," wifi mdogo akacheka mpaka akashika meza.

Wifi mkubwa hakucheka. Alichukua simu, na Mama Waya alijua anampigia nani.

"Dada, nipe nafasi ya kikombe kimoja cha chai."

Chai ilipokwisha alikuwa ameliona kosa. Programu haikumjua mtu kwa jina, ilimjua kwa namba. Na kwenye kompyuta mpya wifi mdogo, kwa kiherehere chake, alijiandikisha kwanza, akapewa namba iliyokuwa ya mkubwa. Mume ndiye aliyesema namba zinatosha. Mtu wa kuhesabu watu kama viti!

Akaifundisha programu iulize jina kwanza, ndipo itafute namba ya mtu huyo kwenye kila mashine.

Wifi mkubwa akafungua bango, akabadilisha rangi, akahifadhi. Likakubali. Akabonyeza simu.

"Dada! Bado unampigia?"

"Nampigia nimwambie asije."

"Basi mwambie na hili: programu sasa inauliza majina, na lake nimelifuta."