Nesi Aliyegeuza Kitanda

Wagonjwa wote wa kifua wa wodi ile ya Kinjumbi walikuwa wa nesi Emerensiana. Hakupangiwa na mtu, alijipangia mwenyewe. Mmakonde huyu wa Lindi, mfupi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, akisikia kikohozi mlangoni anajua kama ni pumu, kifua kikuu au moshi. Na moshi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ulikuwa umezidi. Wachuuzi wa Dar es Salaam walifika hadi Kinjumbi kununua samaki wa kubanika, na wanawake wakashinda wameinamia moto.

Mmoja wao ni Bi Mwanaasha. Aliletwa asubuhi moja ya masika na nimonia, juu ya mapafu ambayo moshi ulikwisha kuyala. Daktari alimchoma sindano, akasema dawa itachukua saa kadhaa kushika. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu, na gari la kuleta mwingine limekwama matopeni. Madukani kila kitu kilikuwa kimerudi, sabuni hata redio, ila pumzi haikuuzwa.

Emerensiana alitoka kidogo kuchemsha sindano. Kurudi, akakuta kaka wa mgonjwa, Mzee Mfaume, amekwisha kukata tamaa. Amemlaza dada yake ubavu wa kulia, uso Kibla, anamtamkia shahada sikioni. Ndugu wanalia. Na Mwanaasha, kwa kulazwa vile, alizidi kukabwa. Hakuweza kurudisha hata neno moja.

Kumwacha hivyo ni kumuua. Kumwinua, tena yeye Mkristo, mbele ya watu walioanza kuaga mtu wao? Emerensiana aliogopa, tusidanganyane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tuachie mtu wetu, sista. Afe ameelekea Kibla."

"Ataelekea, mzee wangu. Nishikie kitanda huku."

Wakakigeuza, miguu ikawa kaskazini, upande wa Kibla, dirishani. Emerensiana akachukua kiti cha daktari, akakipindua kitandani nyuma ya mgonjwa kiwe egemeo, akakitandika kanga, akamketisha Mwanaasha.

"Haya, Kibla hiyo mbele yake. Ila ataitazama ameketi."

Mzee Mfaume akatazama dirisha, akatazama kitanda, akarudi sikioni mwa dada yake. Emerensiana akamshika mgonjwa mikono.

"Vuta kwa pua, mama. Sasa puliza polepole, kama unafufua moto wa vifuu. Usiwe na haraka, niko hapa."

Wakapuliza pamoja mpaka adhuhuri ikapita, nesi mwenyewe kizunguzungu kimempata. Kaka mtu aliendelea na shahada yake, taratibu.

Alasiri Mwanaasha akainua kidole, akaitamka mwenyewe, yote, bila kukatika pumzi. Wodi nzima ikajua ndiyo buriani.

Akavuta hewa tena.

"Nimekusikia, kaka," akasema. "Pumzika nawe. Uji upo?"

Emerensiana hakumtuma mtu. Aliufuata uji jikoni mwenyewe, anatembea kifua mbele, machozi yanamtoka wala hayafuti, na Mzee Mfaume nyuma yake amebeba bakuli.