Kutapisha Choo

Mtaani kwetu Temeke, kule bondeni, mvua ya masika ikikolea wanaume hutoka na sururu. Hawaendi shamba. Wanatoboa ukuta wa shimo la choo upande wa chini, wanang'oa tofali, na uchafu wote unaondoka na maji ya mvua, unapita mlangoni kwa jirani hadi mtoni. Tunaita kutapisha. Gari la majitaka ni ghali, na uchochoro wetu haliuingii. Nimetapisha choo changu kila masika tangu nijenge, na nilijiona mjanja.

Kisha binti yangu akarudi nyumbani, ndoa imemshinda, akaniambia ana virusi vya Ukimwi. Alikuwa amenawiri na dawa hakosi. Alichoogopa ni magonjwa mengine. Kliniki walimweleza kwamba kila kuhara, kila homa, kila kikohozi kisichotibiwa kinauchosha mwili na kuvipa virusi nafasi. Basi akawa anachemsha maji ya kunywa na kulala kwenye chandarua, na dawa za kumkinga na kifua kikuu alizimaliza zote. Mimi nikawa namtania, namwita Bibi Afya.

Masika ile nikatapisha kama kawaida. Kisima chetu ni kifupi, kipo uani upande wa chini wa choo, na majirani wote wanaogea na kuoshea vyombo maji yake. Haikupita wiki binti yangu akaanza kuhara na kutapika. Hata vidonge vyake vya kila siku havikukaa tumboni. Alipotoka hospitali nilimbeba mgongoni kuvuka dimbwi, mwanamke mzima, na sikuhisi uzito.

Ndugu wachache wanaoijua siri yake walikuja kumjulia hali, wakanong'ona barazani kwamba ndio ugonjwa wenyewe huo, dawa zimeshindwa. Ugonjwa wenyewe gani? Yalikuwa mavi yetu. Nayataja kwa jina lake, maana tumeyasema kwa adabu miaka yote na hakuna aliyejenga mfereji. Wakubwa wanampa mgonjwa dawa bure, nashukuru, halafu wanamrudisha kwenye mtaa usio na bomba wala njia ya majitaka na kumwambia achemshe maji. Akichemsha ya kunywa, ya kuoga nayo achemshe kwa mkaa wa nani?

Alipona, lakini polepole. Masika iliyofuata nikamkuta jirani yangu, kijana muuza mitumba, yuko nyuma ya choo chake na sururu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka hiyo sururu chini."

"Mzee wangu, si wewe ndo ulinifundisha?"

"Nilikufundisha ujinga."

"Basi niazime huo ujinga leo tu. Choo kimejaa, mama watoto anaogopa hata kuchuchumaa."

Nilitaka kumwambia mwanangu ana virusi, amwonee huruma. Neno lilifika mdomoni nikalimeza, maana siri haikuwa yangu.

"Mwaka jana mwanangu alilazwa," nikasema. "Na wako alihara wiki ileile. Ni choo changu kilichowaharisha. Nilikitoboa mimi."

Akaniangalia. "Na ulikuja kumpa mwanangu pole, mzee."

"Nilikuja."

"Sasa tufanyeje? Tukiache kifurike ndani?"

"Tuchange gari. Lisimame barabarani, tuvute mpira mrefu."

"Na wasiochanga?"

Tukiwa bado tunabishana, maji ya njiani yakageuka meusi na harufu ikatufikia. Mtaa wa juu walikuwa wameshatapisha. Binti yangu akatoka, kanga puani.

"Baba, kisima."

Jirani akatupa sururu, tukakimbia. Tukarundika viroba vya mchanga kuzunguka mdomo wa kisima, sisi watatu, mvua inatupiga, nami namtukana mtu wa mtaa wa juu nisiyemjua, kwa matusi yaleyale yaliyonistahili mimi miaka yote ile.